Jua Linapimwa Ukingoni

Mauwa, mwanangu,

"Jua haliuzwi kwa gramu. Mutoto mwenye akili ya hesabu, fasi yake iko kwenye mizani ya Salamabila."

Hayo ni maneno ya Baba Mukubwa wako Musafiri. Aliyasema Jumapili hapa sebuleni, mguu juu ya mguu, mbele ya shangazi zako, na wote wakacheka. Nilicheka pia, kwa sababu yalisemwa vizuri, na mimi napenda neno lililosemwa vizuri hata likitoka kwa mpinzani. Kicheko kikaisha, neno likabaki. Tangu siku ile linazunguka humu ndani kama nzi, na nimeliona likitua kwenye sahani yako. Jana ulipokuwa ukikunja nguo uliniambia, bila kunitazama: "Mama, pengine nianze mwaka moja kwa Baba Mukubwa. Chuo haitakimbia."

Kesho asubuhi mwenye piki atakuja. Akishafunga mzigo wako, kutoka hapa kwetu kuna njia mbili. Moja inashuka mtoni, unavuka Lualaba na kutafuta treni ya kwenda Lubumbashi, chuoni kusomea jua. Nyingine inaelekea mashariki, Kabambare, kisha Salamabila kwenye dhahabu. Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Shangazi zako wamekueleza hayo mpaka umeyachoka. Nataka kwanza nimjibu Musafiri, maana nisipomjibu hakuna kingine kitakachotoka kwenye kalamu hii.

Jua haliuzwi kwa gramu. Kweli, na hiyo ndiyo sifa yake. Umekwenda Salamabila likizo mbili, umeona mizani ya dhahabu ikifanya kazi. Mchimbaji anatoka shimoni na vumbi lake ndani ya kikaratasi, anakuta mizani imekwisha kuwekwa mezani na mwenye mizani amekaa upande wa pili. Sahani moja ina vijiti vya kiberiti na sarafu kuukuu. Nani alivipima vijiti? Mwenye mizani. Nani aliamua sarafu ile ina uzito gani? Mwenye mizani. Mchimbaji akitia shaka anaambiwa aende meza ya pili, na meza ya pili ni ya shemeji yake mwenye meza ya kwanza. Simwiti Baba Mukubwa wako mwizi. Baba yako alipofariki yeye ndiye aliyefika kwanza, akakubeba mgongoni kama mtoto mchanga ingawa miguu yako ilikuwa karibu kugusa chini, na sitasahau hilo hata tukigombana mpaka uzeeni. Ninachosema ni kwamba kazi yake imesimama juu ya kipimo ambacho mtu mmoja anakishika na mwingine anakiamini kwa kuwa hana namna nyingine. Jua hakuna aliyeliweka mezani kwake. Mtu yeyote aliyesimama barabarani na kioo cheusi mkononi anaweza kumwambia mtaalamu wa Ulaya: hapana, hapa nilipo haikuwa hivyo. Kipimo cha namna hiyo ndicho ninachotaka ukijue. Kama hakiuzwi, afadhali.

Basi, nimemjibu. Sasa niseme nawe.

Unakumbuka mwaka 2016, mwanzo wa Septemba, jua liliposhikwa na mwezi. Ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, na unachokumbuka, umeniambia mara nyingi, ni bibi yako akipiga sufuria kwa mwiko uani na mbuzi wakirudi zizini asubuhi. Unajua pia kwamba mama yako aliweka watu kwenye barabara ya Kabambare na kwamba mambo hayakwenda. Yaliyo katikati ya hayo nilikuachia uyasikie sokoni, na sokoni wanasimulia kwa kuchekesha.

Mimi wakati ule nilikuwa nafundisha jiografia, na Jumamosi nilikuwa na kipindi changu cha mabishano kwenye redio. Watu waliniita Mama Hapana, kwa sababu kila aliyepiga simu nilimwanzia na neno hilo. Nilikuwa nimesoma kwamba wako wataalamu waliowahi kutangaza kuwa jua linasinyaa, na wengine wakapima upya wakasema halisinyai, au kama linabadilika basi ni kwa kiasi kidogo mno, kinachopotea ndani ya makosa ya vipimo vyenyewe. Ugomvi, basi. Unamjua mama yako akinusa ugomvi.

Na njia ya kupima ilikuwa nzuri hata ningeweza kuiimba. Umekwisha kuijua, lakini niruhusu niieleze tena, maana shangazi zako nao watasoma barua hii. Mwezi tunaufahamu kwa undani: ukubwa wake, njia yake, hata milima na mabonde ya ukingo wake. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo, hauwezi kulifunika jua lote. Ukikaa katikati yake inabaki pete ya mwanga. Lakini pete hiyo inafunga kwa watu walio ndani ya ukanda mmoja tu wa nchi. Aliye nje ya ukanda anaona mwezi ukipita upande, na ncha mbili za mwanga zinatafutana bila kukutana. Sasa fikiri jua ni kubwa kidogo kuliko linavyoandikwa vitabuni. Pete itafunga hata kwa mtu aliyesimama nje kidogo ya pale ilipotabiriwa. Likiwa dogo, hata aliyeko ndani kidogo ataikosa. Aliyesimama katikati ya ukanda haoni tofauti yoyote. Kwake pete inafunga tu, anapiga picha, anarudi nyumbani. Habari yote iko ukingoni, pale pete inapofunga na kufunguka kama jicho, na mwanga unakatika vipande vipande kama ushanga kwenye mabonde ya mwezi. Panga watu kwenye barabara inayokata ukingo huo, kila mmoja aseme kama pete ilifunga na ilikaa muda gani, nawe umelipima jua bila darubini na bila umeme.

Na ukingo, kwa ramani tuliyopata, ulipita kwetu. Kasongo iko kwenye mpaka wa kivuli, Kabambare ndani yake, barabara ikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Miaka yote watu wametuambia tuko pembeni mwa nchi, pembeni mwa barabara, pembeni mwa kila kitu. Nikasema redioni: safari hii pembeni ndiyo mahali penyewe, na Kasongo ndiyo itakayoamua kama jua linasinyaa. Nilisema "itakayoamua". Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo.

Tulipata vioo kwa mafundi wa kuchomea vyuma. Baba yako alivikata, akavizungushia karatasi ngumu ili visikate mkono. Wanafunzi wangu wakubwa nikawapanga upande wa mji, waendesha piki wakachukua upande wa Lusangi, ndani ya kivuli, ambako wachimbaji walikubali kutoka mashimoni kwa asubuhi moja. Katikati, pale ramani ilipochora ukingo wenyewe, palikuwa kijiji cha Mwalimu Ramazani.

Unamjua Mwalimu kama yule mzee anayekuletea ndizi. Zamani tulikuwa wapinzani wa kila Jumamosi, yeye wa shule ya Kiislamu na mimi wa shule ya padri, na kila mmoja alimpenda mwenzake kwa kuwa hakuna mwingine mjini aliyesoma vya kutosha kugombana naye. Nilipofika kwake na kioo alikuwa amekaa uwanjani, mke wake Mama Zuhura akimenya mihogo pembeni.

"Karibu, Mama Mauwa. Leo umekuja kunisalimia ama kunipiga?"

"Nimekuja kukupa kazi."

Akakishika kioo, akakiweka machoni, akamgeukia mkewe. "Mama Zuhura, unaniona?"

"Naona nzi mukubwa," mkewe akasema. "Endelea kuvaa, uzuri umezidi."

Nikamweleza kazi. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wangu, kisha akasema: "Haya, nimesikia. Na sala je? Jua likishikwa, sisi tunaingia musikiti. Ni sunna."

"Sala itangoja, Mwalimu," nikasema. "Jua halitangoja."

Akatabasamu. Akamtazama mkewe, akatazama kioo, akanyamaza. Mama Zuhura akakohoa. Mimi nikaona nafasi, nikaijaza: nikasema habari za elimu, za Afrika, za watu wanaosubiri kupimiwa kila kitu na wengine. Nilisema vizuri sana. Aliponisindikiza mpaka barabarani alikuwa bado na tabasamu lile, na nikarudi nyumbani nikimwambia baba yako kwamba kijiji cha katikati kimekubali.

Mimi nimezaliwa hapa, Mauwa. Najua kwetu mtu mzima akinyamaza mbele ya mgeni anayepaza sauti, hajakubali. Amekuheshimu tu. Mtoto mdogo anajua hilo. Lakini mtu akizoea kushinda mabishano anafika mahali ambapo kila kimya anakihesabu kuwa ushindi.

Siku yenyewe ulikuwa nami kilimani, nyuma ya shule. Mwanga ulipungua, ukawa mwembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, na chini ya miti kila tundu la majani lilichora hilali ndogo kwenye vumbi, maelfu, na ulikuwa ukizirukia usizikanyage. Nikakushikia kioo. Ukasema: "Mama, jua imebakia kama ukucha." Ncha zilisogeleana, zikasogeleana, hazikukutana. Kwetu pete haikufunga. Nilifurahi hata hivyo, maana nilijua kule Lusangi imefunga, na jibu liko katikati, kwa Mwalimu.

Mchana waendesha piki wakaanza kurudi. Yule wa Lusangi hakusubiri hata kuzima injini. "Ilifunga, Mama! Kama pete ya bibi harusi!" Wa kijiji cha pili naye: imefunga, imekaa. Upande wa mji: haikufunga, haikufunga. Kisha akaja kijana niliyemtuma kwa Mwalimu. Alikuwa na kioo mkononi, kimefungwa ndani ya leso safi.

"Nilikikuta juu ya kiti," akasema. "Wote walikuwa musikiti."

Kwa hiyo tulikuwa na watu walioona na watu wasioona, na kati yao pengo refu la barabara lisilo na jicho hata moja, na ndani ya pengo lile ndimo kulikuwa na kila kitu tulichokitafuta. Jua siku ile, kwa kipimo cha Kasongo, lingeweza kuwa limekua, limesinyaa au limebaki vilevile.

Sikuwa na la kufanya ila kukubali. Sikukubali. Jumamosi nikaingia redioni na kusema kwamba wako watu ambao Mungu amewafungulia kitabu angani, na wao wameweka paji la uso chini ili wasikisome.

Soma sentensi hiyo tena. Imesemwa vizuri, siyo? Mjini iliruka kutoka mdomo hadi mdomo. Wauza chumvi waliitumia kumtania kila Mwislamu aliyepita na kofia. Walimwita Zuhura, binti wa Mwalimu, kwa sentensi hiyo shuleni, na Zuhura alikuwa mwanafunzi wangu, akaacha kuja. Baba yako hakunigombeza. Alisema tu, akiwa anavua viatu: "Umeisema vizuri. Sasa itakaa wapi?" Sikumwelewa. Nadhani alimaanisha kwamba neno likiwa baya kimaumbile linakufa lenyewe, lakini ukilipamba linapata nyumba kwa watu.

Mwalimu hakupiga simu Jumamosi ile, wala iliyofuata, wala tena. Nilibaki na kipindi cha mabishano na hakuna wa kubishana naye.

Kisha baba yako akaugua, na unajua yaliyofuata. Ulikuwa mdogo, ulilala kwa bibi yako, hukuona nani alichimba. Nakuambia sasa: asubuhi ya mazishi Mwalimu Ramazani alikuja na watu wa kijiji chake, wakavua kanzu, wakashika majembe pamoja na vijana wa parokia. Alikaa nasi matanga yote. Hakunitajia jua. Aliniuliza kama nimekula.

Baada ya matanga nilikwenda kushukuru. Nilikuwa nimeandaa hotuba, unadhani nini. Niliianza, na Mama Zuhura akanikatiza. Alikuwa na kisu mkononi na mihogo kwenye beseni, kama siku ile.

"Mama Mauwa, ule mwaka ya jua. Ungeniuliza mimi."

"Nikuulize nini?"

"Wanaume wote walikuwa lazima waingie musikiti. Sisi wanamuke tuko na siku zetu, mutu akiwa kwenye zile siku hasali. Kila siku ya Mungu, kwa kijiji hii, wako wanamuke wenye hawasali. Siku ile nilikuwa mimi, na Zuhura, na muke ya kaka yangu mukubwa. Tulikaa hapa hapa, mikono bure. Kioo yako ilikuwa kwenye kile kiti. Tulikuwa tunaiangalia."

"Na hamkuishika?"

"Haukutupatia sisi. Ulimupatia Mwalimu."

"Mama Zuhura, mbona hukuniambia siku ile nilipokuja?"

Akakata muhogo, akautupa kwenye beseni. "Ulikuwa unasema."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia jambo ambalo liliniuma zaidi kwa kuwa lilikuwa zuri: saa ya kuanza sala na saa ya kumaliza walizichukua kwenye karatasi yangu ya saa za kushikwa jua, ile niliyowaachia pamoja na kioo. "Ilikuwa sawasawa, Mama Mauwa. Hesabu yako haikutudanganya." Walikuwa wakiniamini wakati mimi nawaita wasiosoma.

Pengo lile la barabarani, Mauwa, lilikuwa na upana wa mdomo wangu. Hakuna wingu lililopita, hakuna kioo kilichovunjika, hakuna mtu aliyekuwa mvivu. Kulikuwa na wanawake watatu wenye macho mazuri, wamekaa kwenye ukingo wa kivuli cha mwezi, na kioo hatua chache kutoka kwao. Kilichokosekana ni swali moja kutoka kwa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa majibu.

Jumamosi iliyofuata nilisema redioni kwamba Kasongo haikupima kitu, na nikaeleza kwa nini, na nikamwomba radhi Mwalimu na kijiji chake na Zuhura kwa jina. Mtu mmoja akapiga simu kusema kwamba dunia inaisha, maana Mama Hapana amesema ndiyo. Zuhura alirudi shuleni mwaka uliofuata. Sentensi yangu bado inatembea. Wiki iliyopita nimeisikia kwenye foleni ya unga kutoka kwa kijana asiyejua imetoka wapi.

Nimekuandikia yote haya kwa ajili ya jana, ulipokuwa ukikunja nguo.

Uliposema unataka kuanza Salamabila, nilifungua mdomo. Unakumbuka. Nilikupa hoja ya mizani, hoja ya elimu, hoja ya baba yako angesema nini, na hiyo ya mwisho haikuwa ya haki. Nilipomaliza ulisema, "Ndiyo, Mama," ukachukua nguo nyingine ukaikunja. Nilitoka chumbani nimeshinda. Nilifika jikoni, nikaweka maji motoni, na hapo ndipo nilipoitambua "ndiyo" yako. Nimewahi kuisikia. Ilikuwa na tabasamu la Mwalimu Ramazani ndani yake.

Nikaanza kurudi nyuma, na kila niliporudi nilikuta hali ileile. Nani alichagua fizikia? Nilisema mimi, ulipokuwa bado sekondari, mbele ya wageni, na wewe ulinyamaza. Nani alichagua Lubumbashi? Nani aliwaambia wasikilizaji kwamba binti yake atakwenda kusomea jua? Ulikuwa umekaa pale nje ya studio, mlango wazi, unasikia. Ulipokuwa mwaka wa tatu mwalimu wako alikuuliza swali, ukamjibu, "Bado sijui," darasa likacheka, ukarudi ukilia, nami nikakufundisha namna ya kujibu haraka. Nilikukuta na kitu cha thamani mkononi nikakuambia ukitupe. Ningekuwa na watu kumi tu barabarani mwaka ule wenye uwezo wa kusema "bado sijui", ningewapanga wote ukingoni. Kirudishe mkononi, Mauwa, kama bado unacho.

Kwa hiyo nakuuliza leo, kwa kuchelewa kwa miaka: unataka nini?

Sitajifanya sina upande. Nataka uende Lubumbashi. Wenye hesabu wanasema mwaka 2031 kivuli kingine cha namna ile kitapita kusini mwa nchi yetu, na nikilala namuona binti yangu ameshapanga watu wake barabarani, na ameuliza kila kijiji wanasali saa ngapi, na nani siku hiyo hasali. Hiyo ni ndoto yangu na nakukabidhi ukijua ni yangu. Lakini mtu aliyesimamishwa ukingoni kwa nguvu ataandika alichoambiwa aone. Kipimo chake kimeharibika kabla mwezi haujagusa jua. Sikutaki hivyo. Sikutaki Lubumbashi ukiwa umekunja "ndiyo" ndani ya sanduku pamoja na nguo, uifungue kule peke yako, umchukie mama yako kwa mbali.

Na kama ni Salamabila, nitakufungia chakula kilekile. Samaki mkavu ameshatayarishwa, hajui njia. Nitagombana nawe kwa barua, hilo siwezi kuacha, lakini sitakuita mpotevu na sitamruhusu mtu mwingine akuite. Nitakuomba kitu kimoja tu: kabla ya kupima vumbi la mtu, mwonyeshe sahani zote mbili zikiwa tupu, akubali mwenyewe kwamba zimelingana. Baba Mukubwa wako atakuambia unapoteza wakati. Poteza.

Mimi nitakuwa salama. Kwa siku kadhaa nitapima mchele wa watu wawili, nitaula wote kwa hasira, nitanenepa. Bibi yako atanisemesha kuhusu wewe asubuhi na jioni. Mwalimu ameahidi kurudi kwenye kipindi. Anasema amenihurumia, nimekosa mtu wa kunishinda. Usirudi nyumbani kwa sababu yangu, na usikae mbali kwa sababu yangu. Nilikuzaa wakati wa mvua kubwa, barabara zimekatika, na nilikutazama usoni nikakuambia hoja tatu kuhusu jina lako kabla hujalia mara ya pili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema. Nakupenda kuliko kusema, na hujui hilo linanigharimu nini.

Naiweka barua hii juu ya sanduku lako. Najua pia kwamba hutaisoma peke yako. Shangazi zako wataipata, na kutoka kwao itafika kwa Musafiri mwenyewe kabla ya chai.

Basi nawageukia. Shemeji Musafiri, na ninyi mawifi zangu mliocheka Jumapili: mmesema neno lenu, nami nimesema langu, na yote mawili yametosha. Kesho piki ikifika, msije na ahadi. Mimi sitatoka na hotuba. Mwenye piki atauliza, "Tunaenda fasi gani?" Asijibu mtu wa ukoo. Hata jibu likikawia, hata mwenye piki akilalamika, nyamazeni, nami nitanyamaza pamoja nanyi, mpaka Mauwa aseme mwenyewe.